AC mbili, vumbi la miaka mitatu: uzoefu wangu wa kufanyiwa sevisi hapa Dodoma

Nianze kwa kusema mi sio mtu wa AC kabisa, Dar tulikuwa tunaishi na feni na madirisha wazi maisha yakaenda. Serikali ilivyohamia huku na sisi tukafuata kazi, nyumba tuliyopata Ilazo ikawa tayari imefungwa AC mbili, moja sebuleni moja chumba cha watoto, na mwenye nyumba alivyokuwa anazitaja kwenye mambo ya kodi utadhani anatupa zawadi. Basi miaka mitatu nikawa najua AC ni kama friji, unabonyeza remoti inapiga kazi, imeisha hiyo. Hamna aliyeniambia kwamba kile kitu kinatakiwa kufunguliwa na kuoshwa.

Sasa ambaye hajaishi Dodoma naomba anielewe kidogo kuhusu vumbi. Mvua ikishakata mwezi wa nne ndo kwaheri mpaka mwezi wa kumi na mbili huko, alafu katikati hapo unakuja upepo, yani sio ule wa kupepea nguo kwenye kamba, ni upepo unaopiga bati usiku unadhani kuna mtu juu ya nyumba. Mtaa wetu barabara ni ya udongo, kuna viwanja viwili vinajengwa, malori ya mchanga kutwa nzima. Unafuta meza saa mbili asubuhi, saa nne unaandika jina lako kwa kidole juu ya TV. Na ni vumbi jekundu, shuka nyeupe nilishaacha kununua.

Mwaka jana mwezi wa kumi joto lilivyoanza nikawasha AC ya watoto, na ikumbukwe kuanzia mwezi wa sita hatukuwa tumeigusa maana huku baridi la mwezi wa saba watu wanalala na mablanketi mawili. Ikatoka harufu jamani. Ile ya taulo mbichi lililosahaulika kwenye ndoo siku tatu. Nikasema itaisha yenyewe, haikuisha, na mwanangu wa miaka sita akaanza kuamka na chafya, anapiga kumi mfululizo, macho mekundu, pua inatiririka mpaka anaenda shule. Tukaenda hospitali, daktari akasema aleji, akatupa dawa na akasema tupunguze vumbi pale anapolala. Nikamuuliza AC je? Akasema kama haijasafishwa mda mrefu anzeni na hiyo.

Hapo ndo nikaingia kwenye simu kutafuta. Binamu yangu yuko Texas, nikamtumia ujumbe WhatsApp, akaniambia wao huko walilipa kampuni ikaja kusafisha dakti, yani yale mabomba makubwa ya bati yanayopita juu ya dari yakigawa hewa kila chumba, na bei aliyoitaja nikaibadilisha kwa shilingi nikacheka peke yangu, inazidi milioni. Nikawa na mimi naulizia watu "mnasafisha dakti?" Fundi mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, dada, nyumba yako ina dakti? Nikamwambia sijui, kuna AC ukutani. Akasema basi huna, hizo ni spliti, kila moja inajitegemea, dakti utazikuta maofisini na mahotelini. Aibu ndogo hiyo niliimeza. Baadae nikaja kusoma kwamba hata huko Marekani shirika lao la mazingira, EPA, linasema haijawahi kuthibitishwa kwamba kusafisha dakti kunazuia magonjwa, linashauri ufanye ukiona ukungu, au panya na wadudu wameingia, au vumbi limejaa mpaka linatoka kwenye matundu. Kwahiyo binamu naye sijui alikuwa na lipi kati ya hayo, sikumuuliza.

Kabla sijafika kwa watu niliokuja kuwapenda, nilipigwa kwanza. Kuna fundi tuliunganishwa na jirani, akasema elfu 15 kila AC, mi nikaona huyu huyu. Akaja na bisibisi na kitambaa. Akafungua kifuniko, akatoa zile neti mbili za filta, akaziosha bombani, akapangusa pangusa, dakika ishirini kamaliza. Alafu akaweka mkono mbele ya AC akanyamaza kama daktari, akasema, "Mama, gesi imepungua, hapa bila kuongeza utakuwa unakula umeme bure." Elfu 80 hiyo. Nikalipa ya AC moja. Harufu ikapotea siku mbili ikarudi.

Wale wa pili nilipewa na dada mmoja wa ofisini, jina siliweki maana sijatumwa kutangaza na mengine nitakayosema sio mazuri. Bei yao elfu 40 kila AC, boksi la ndani ukutani na lile la nje pamoja. Nikaona ghali, ila walichonifurahisha kwenye simu waliuliza maswali: AC ina ukubwa gani (elfu 12 BTU, ndo kipimo cha nguvu ya kupoza), ilioshwa lini, inadondosha maji ndani?, na je nyumbani kuna maji ya kutosha. Hilo la mwisho mtu wa Dodoma usilidharau. Wanatumia mashine ya presha kama ya kuoshea magari ila ndogo, na kwa AC mbili walimaliza ndoo sita kutoka kwenye simtanki letu, na wiki hiyo zamu ya maji mtaani ilikuwa bado, kwahiyo jioni tuliogea kopo.

Walisema saa tatu asubuhi. Walifika saa sita na nusu. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, sasa hebu fikiria, na simu nikipiga naambiwa "tuko hapa Area D dada tunakuja" mara tatu. Nyota moja nimekata hapo hapo.

Ila walivyoanza kazi nikasahau hasira. Vijana wawili, mmoja kaka wa makamo ndo fundi mwenyewe. Kwanza aliwasha AC ikakaa kama robo saa, akachomeka kipimajoto kwenye mdomo wa hewa, kikasoma digrii 19. Akaniita nikaona. Akazima mpaka breka ukutani, akaomba kitanda kisogezwe, wakafunga nailoni kubwa kama gauni kuizunguka AC yote, chini imechongoka inaingia kwenye ndoo. Wakavua kifuniko, wakavua filta, hapo ndo akaniambia njoo umulike na simu yako humu. Kule ndani nyuma kuna feni ndefu ya duara, ina mapanga mengi madogo membamba. Kila panga lilikuwa limevaa sweta. Sitanii, manyoya ya kijivu na wekundu yamegandana na unyevu, na kwenye kona vidoa vyeusi vya ukungu. Na hewa yote anayovuta mwanangu usiku ilikuwa inapita hapo.

Nikamwambia lakini juzi imeoshwa, nimelipa. Akacheka kidogo tu, akasema kilichooshwa ni filta, na ile neti inashika nywele na vumbi kubwa, lile jepesi linapita linaenda kukaa kwenye koili, yani yale mabomba membamba ya kupozea hewa, na kwenye feni, na koili AC ikifanya kazi inalowana, sasa vumbi na maji na giza unategemea nini. Wakapuliza dawa ya povu, wakaacha dakika kumi, alafu presha. Maji ya kwanza yalivyoshuka kwenye ndoo yalikuwa meusi, yakawa kahawia, yakaja mekundu kabisa kama tope la barabarani baada ya mvua ya kwanza. Watoto wote wamejipanga mlangoni wanatazama kama sinema.

Nikauliza na gesi. Akaunga kipimo chake cha gesi kwenye lile boksi la nje, akasema iko sawa. Alafu akanielewesha kitu ambacho natamani ningekijua mapema: gesi ya AC haiishi kama ya mtungi wa jikoni, inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka yote, ikipungua maana yake kuna sehemu inavuja, na fundi anayekwambia ongeza bila kukutafutia inapovujia anakuuzia upepo. Elfu 80 yangu ikanipita mbele ya macho ikinipungia mkono.

Ile ya sebuleni ilikuwa na tatizo lake lingine, mwaka mzima inadondosha maji ukutani, tukaweka beseni chini tukazoea, hata wageni tunawaambia kaa upande ule. Fundi akatoka nje akaangalia ule mpira unaotoa maji, mdomoni dondola wamejenga nyumba yao ya udongo wakaziba kabisa. Akautoa kwa waya, akapuliza, likatoka donge la tope ukubwa wa kidole gumba, na maji nyuma yake pwaa. Ndo hivyo tu. Beseni la mwaka mzima. Na kwenye boksi la nje walipofungua kulikuwa na mayai mawili ya mjusi yamebandikwa karibu na waya, meupe kama vidonge, akayatoa akasema hao mijusi wakikanyaga kwenye umeme ndo wanaunguza bodi, ile sahani ya umeme inayoendesha AC.

Mwisho akapima tena, 11. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Sasa matokeo, na hapa nataka niwe mkweli maana nimeona watu wakisifia sevisi ya AC kama maombezi. Harufu iliisha siku hiyo hiyo, ingawa ile dawa ya povu nayo ilinuka mpaka kesho yake, watoto nikawalaza chumbani kwangu. Chumba kinapoa haraka, zamani nilikuwa naweka 18 na bado naona joto, sasa hivi 24 inatosha, na luku naona inakaa zaidi japo siwezi kusema ni AC tu maana mwezi uliofuata mvua ilianza na hali ya hewa ikabadilika. Chafya za mtoto zilipungua, kama nusu hivi. Hazikuisha.

Hiyo nusu nyingine ndo iliyonisumbua kichwa, nikampigia yule fundi kulalamika kwamba mbona. Akaniuliza, dada, asubuhi mnafagia na nini? Chelewa. Akasema ile AC haivuti hewa ya nje hata kidogo, inachukua hewa ile ile ya chumba inaipoza inairudisha, kwahiyo lile tope uliloona kwenye ndoo ni vumbi la ndani kwako mwenyewe. Nikakaa kimya. Maana kweli, dada wa nyumbani kila asubuhi saa kumi na mbili anafagia chumba cha watoto kwa fagio kavu, wao wamelala, jua likiingia dirishani unaona vumbi limesimama hewani kama moshi wa ubani. Na chini kuna zulia nililobeba kutoka Dar kwa upendo mkubwa.

Zulia limetoka. Chelewa imeamriwa kubaki uwani, ndani ni deki tu na kitambaa kibichi, viatu mlangoni, na pembeni ya mlango wa nyuma pale palipokuwa na uwazi wa vidole viwili nimeweka kitambaa kilichoshonwa na mchanga ndani. Filta natoa mwenyewe kila wiki mbili kipindi cha upepo, unafungua kifuniko unavuta neti unaosha na sabuni ya maji unaianika kivulini, kazi ya dakika tano wala haihitaji kumlipa mtu elfu 15. Mtoto sasa anaweza kupita wiki bila chafya, ila siku ya upepo mkali bado anakuwa na macho mekundu na dawa ya daktari bado iko kabatini.

Kwahiyo ukiniuliza kama elfu 80 ya AC mbili ilikuwa halali yake, ndio, na nitawaita tena mwezi wa tisa kabla joto halijaanza na kabla hawajabanwa na kazi, maana ukisubiri mwezi wa kumi na moja kila mtu Dodoma anatafuta fundi wa AC. Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Waliniibia nusu siku ya kazi, waliacha michirizi ya maji ya tope ukutani ambayo mpaka leo haitoki, na mwenye nyumba nilipompelekea risiti akasema kusafisha ni juu ya mpangaji, ingawa yeye hahusiani na nyota zao.

Na walivunja kibanio kimoja cha kifuniko cha ile AC ya sebuleni. Yule kijana mdogo alikiona kinaanguka, akakiweka mfukoni akidhani sijaona. Nilipomuuliza fundi akasema wataleta kingine Ijumaa. Ni mwezi wa tano sasa, kifuniko kimeshikwa na selotepu.