Starbucks, Costa, Dunkin' na Tim Hortons: nimekunywa kote, haya ndo maoni yangu

Mimi kahawa naipenda kwa moyo wote na kwa miaka kadhaa sasa kila nikiwa na safari au kazi ya kukaa na laptop masaa mengi naingia kwenye hii migahawa mikubwa yenye matawi kila mahali. Marafiki wananiuliza swali lile lile, upi mzuri na upi unamaliza hela tu. Basi leo naandika yote sehemu moja.

Kwanza jinsi ninavyopima. Nikifika sehemu kwa mara ya kwanza siagizi kinywaji chenye jina refu. Naagiza kahawa nyeusi, kikombe kidogo, bila sukari. Kwa nini? Kwa sababu sirapu ya vanila ikishaingia na krimu ikakaa juu hata kahawa iliyoungua inapita tu kooni bila wewe kujua, ila nyeusi haina pa kujificha. Siku ya pili ndo naagiza late au kapuchino, zile kahawa za maziwa, nione maziwa yao.

Nianze na Starbucks maana ndo inaulizwa sana. Kahawa yao imekaangwa haswa, ukiinywa nyeusi unapata uchungu na kama harufu ya moshi hivi, na wengi hapo ndo wanasema imeungua. Kiukweli ni mtindo wao tangu mwanzo, walianza Seattle mwaka 1971 na waanzilishi walijifunza kwa mkaangaji kahawa Alfred Peet ambaye alishafungua duka lake Berkeley, California mwaka 1966, yeye alikuwa anapenda kukaanga mpaka punje inakuwa nyeusi, na hata punje zao za mwanzo walikuwa wananunua kwake. Faida yake ni kwamba ukiweka maziwa mengi ladha ya kahawa haipotei, na ukinywa tawi hili na lile ladha inakaribiana sana, kwa sababu ukikaanga sana tofauti za shamba na shamba zinafutika. Hasara ni hiyo hiyo, ule utamu wa matunda wa kahawa nzuri ya Ethiopia au Kenya huusikii tena. Kama hupendi uchungu waombe ile Blonde, imekaangwa kidogo, mimi nyeusi yao nainywa hiyo tu.

Sasa hapa kwenye saizi ndo nataka msome vizuri, maana mimi nimechelewa kujua. Tall ni mililita 354, Grande 473, Venti ya moto 591. Kwa kipimo chao cha kawaida kule Marekani late ya Tall ina shoti moja ya espreso, yaani kipimo kimoja kidogo cha kahawa nzito inayokamuliwa na mashine, Grande ina mbili, na Venti ya moto nayo ina mbili. Soma tena hapo. Ukipanda kutoka Grande kwenda Venti umeongezewa maziwa, kahawa ni ile ile! Na kuna saizi ya Short, mililita 236, mara nyingi haiandikwi kwenye ubao ila ukiomba wanakupa, ina shoti moja, yaani ukali wake ni sawasawa na Grande kwenye kikombe nusu. Wakati huo Amerikano, yaani espreso iliyoongezwa maji ya moto, ya Grande ina shoti tatu na Venti ina nne, na kwa kawaida bei yake iko chini ya late. Mtu anayetaka kahawa yenyewe na sio maziwa jibu lake liko hapo.

Costa kwangu ndo ya late. Hawa ni ndugu wawili Waitaliano, Sergio na Bruno Costa, walianza London mwaka huo huo wa 1971 kama wakaangaji, na tangu 2019 kampuni iko chini ya Coca-Cola. Wao wanachanganya aina mbili za kahawa, Arabika na Robusta, wakati Starbucks wanajinadi kwa Arabika peke yake. Watu wakisikia Robusta wanaona kama kitu cha bei rahisi, lakini ndo inayoleta lile povu zito la rangi ya dhahabu juu ya espreso na inakipa kinywaji uzito, na kafeini yake inakaribia mara mbili ya Arabika. Kwenye maziwa inatoka kama njugu na chokoleti, laini, haichomi koo. Nyeusi yao ni ya kawaida tu, siwezi kuifuata mbali.

Dunkin' na Tim Hortons naziweka pamoja, wenyewe mashabiki wao watanisamehe. Zote mbili zimekulia kwenye donati na kahawa ya kuchuja, Dunkin' Massachusetts mwaka 1950, Tim Hortons Hamilton, Kanada mwaka 1964. Kahawa yao ni nyepesi, imekaangwa kiasi, ni ya kunywa kikombe kikubwa asubuhi ukiwa njiani, na kwa bei ndo rafiki kuliko hizo mbili za juu. Ukiinywa nyeusi utaona kama kuna kitu kimepungua, maana imetengenezwa ikutane na krimu na sukari, ndo maana Kanada ukisema double double kila mtu anajua ni krimu mbili sukari mbili. Angalizo moja la Dunkin', vionjo vyao viko vya aina mbili, flavor shot (sio ile shoti ya espreso) haina sukari na swirl ina sukari tena nyingi, sasa wewe unayepunguza sukari ukitaja jina la kionjo tu bila kusema ni kipi unaweza kubeba swirl bila kujua.

Kuhusu ubora, nimekuja kuamini kwamba jina la ukutani linakupa nusu tu, nusu nyingine ni mtu aliyesimama kwenye mashine. Espreso inatakiwa itoke kwa kama sekunde 25 hadi 30, ikitoka haraka inakuwa chachu, ikichelewa inakuwa chungu ya kukausha ulimi. Maziwa yakipashwa kwenye nyuzi 60 hadi 65 yanakuwa matamu yenyewe bila sukari, yakivuka 70 yanaanza kunuka kama yameungua. Na kahawa ya kuchuja ikikaa juu ya sahani ya moto inaharibika, nusu saa ni nyingi.

Kuna tawi la kampuni moja kubwa, siitaji, niliagiza kapuchino pakiwa na foleni ndefu nikapewa kikombe cha moto mpaka sikuweza kukishika, maziwa yananuka na povu limekaa kama la sabuni. Iliniuma sana maana ile ilikuwa kahawa yangu pekee ya siku na nililipa bei kamili. Nikarudi kaunta nikaeleza kwa upole, dada mwingine akachukua jagi jipya akanitengenezea upya, mashine ile ile, maziwa yale yale, na ikatoka tamu ajabu.

Tangu siku hiyo kabla sijaagiza naangalia ile bomba ya mvuke. Kama barista, yule anayetengeneza kahawa, anaifuta kwa kitambaa na kupuliza mvuke kidogo kila akimaliza jagi, naagiza late kwa amani. Kama imeganda maziwa makavu yamegeuka rangi, nachukua nyeusi kikombe kidogo, na namuuliza imechujwa saa ngapi.