Feni za nyuma ya friji la RV: zimesaidia, ila bati nalo limefanya kazi

Nianze na aibu yangu. Mwaka jana mwezi wa saba tulitoka hapa Phoenix kwenda Lake Havasu na RV letu la mtumba (lile gari lenye vitanda na jiko ndani), mimi, mke wangu, watoto na mama mkwe aliyekuja kututembelea toka Tanga, kwenye friji tuna kuku washakolezwa viungo, mtindi, embe, kila kitu. Siku ya pili mchana nje ni 46, nafungua friji kipimajoto kinasoma 13. Mama mkwe akaingiza mkono, akautoa, akaniangalia, "Baba, hili friji au kabati?" Kuku wote tukatupa.

Kurudi nikampelekea fundi, hata dakika kumi hazijaisha kashasema kuling yuniti (ule mtambo wa nyuma unaoleta baridi) imekufa, nitoe dola 1,800 na ushee. Nikamwambia ntafikiria, mana kuna kitu kilikuwa kinanisumbua, usiku ule ule kule ziwani saa kumi alfajiri lilikuwa linasoma 6, sasa kitu kilichokufa kinafufuka vipi usiku?

Kwa asiyejua, haya mafriji ya gesi hayana kompresa kama la nyumbani. Moto wa gesi (au hita ukichomeka umeme) unachemsha maji yenye amonia, mvuke wa amonia unapanda juu kwenye bomba lenye vibati vyembamba kama rejeta ya gari, ukipoa pale unakuwa kimiminika, ndo kinashuka kwenda kuleta baridi. Kwahiyo pale juu pasipopata hewa ya kupoza, hata uwashe moto wa namna gani hupati baridi. Na langu lina balaa la ziada, liko kwenye ule upande unaosukumwa nje ukishapaki, kwahiyo halina bomba la kutolea joto darini, matundu yote mawili yako ubavuni na joto linakaa tu pale nyuma linajipikia.

Basi nikanunua mtandaoni seti ya feni mbili za volti 12, ndogo kama zile za kompyuta, zina kihisio cha joto kinaziwasha na kuzizima zenyewe. Dola 45. Kufunga nilitumia asubuhi nzima, na hapa ndo nina malalamiko: nyaya ni fupi mno, nikalazimika kuunga, na fyuzi hawakuweka nikanunua mwenyewe. Halafu karatasi ya maelezo inaonyesha feni zikae chini, kule kule moto wa gesi uliko!! Upepo pale unaweza kuyumbisha moto au kuuzima kabisa. Mi nimezifunga kwenye tundu la juu zikivuta joto kulitoa nje, na nyaya nikazibana mbali na lile bomba la moshi mana lina moto kweli kweli.

Umeme zinakula kidogo sana, zote mbili hata nusu ampea hazifiki. Sauti ipo, usiku kama kitanda chako kiko karibu na friji utasikia mvumo fulani hivi, mke wangu hasikii, mi nasikia.

Matokeo: nje 44, ndani likatoka 13 likaja 8. Nikafurahi lakini 8 bado siyo, chakula kinataka 4 au chini. Ndo siku moja nimechungulia nyuma na tochi nikagundua kati ya vile vibati na ukuta mkono mzima unapita, yaani hewa yote inapanda kwenye huo uwazi, vibati vyenyewe inavikwepa, hata uweke feni kumi. Nikakata bati la alumini nikalikunja nikalifunga ukutani kuisukuma hewa ipite kwenye vibati, nafasi ikabaki kama sentimita 2. Kesho yake saa tisa mchana, nje 43, ndani 4! Nikapiga picha nikamtumia mama mkwe WhatsApp, akajibu "na kuku wangu?"

Ila nisidanganye, na tabia tumebadilisha pia. Nawasha siku moja kabla ya safari, soda za moto haziingii, napaki upande wa friji usipigwe na jua la jioni, na nahakikisha gari limekaa sawa mana likilala upande yale maji ya ndani hayatembei vizuri na friji lenyewe linaharibika. Kale kafeni ka betri ka kuweka ndani nako nilinunua, kanasambaza baridi, ila siyo ka lazima.

Na kabla hujanunua chochote, fungua kile kifuniko cha nje unuse na uangalie. Ukisikia harufu kali ya amonia au ukaona unga wa njano kwenye mabomba, hapo yuniti inavuja kweli, zima friji, feni hazina msaada na fundi safari hii atakuwa hajakosea.

Seti naipa nyota 4 kati ya 5, nyota moja nimeipunguza kwa ile karatasi, nyaya ningesamehe.