TAHADHARI: Muuza redio za gari anayekujaribia 88.5 kisha anadai hela

Ndugu zangu wenye magari, hasa nyie wa IST, Vitz, Raum na Noah zilizotoka Japani, someni hili kabla hamjatuma hela kwa mtu anayetangaza redio za gari Instagram au kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar. Mimi ni fundi umeme wa magari. Yupo muuzaji anayezunguka na vijana wake, anawafungia watu redio kwenye maegesho ya ofisini na majumbani, na magari aliyoyashika yanaishia kwangu yakiwa na hasara kubwa kuliko bei ya redio yenyewe.

Ukurasa wake siutaji. Ukianza kulalamikiwa anaufuta, anafungua mwingine wenye jina jipya na picha zilezile, kwa hiyo jina halitawasaidia kitu. Mtamjua kwa mwenendo. Bei yake iko chini kidogo ya ile ya dukani, wala si ya kutupa, ndiyo maana watu hawashtuki. Duka hana, anakwambia "tunakufuata ulipo, kufunga bure". Hela inatumwa kwenye namba ya simu ambayo jina linalotokea si lile alilokutajia. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatoi; anakupa kikaratasi kilichopigwa mhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Na redio yako iliyokuja na gari anaondoka nayo, eti asikuachie uchafu. Hiyo ya mwisho ishikeni, nitairudia.

Anauza bidhaa za aina mbili: redio mpya za Android zenye skrini kubwa, na redio za mtumba za Japani anazosema zimeshafunguliwa na zinashika stesheni zote za Tanzania.

Nianze na za Japani, maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa bila kujua wamepigwaje. Kijana mmoja wa teksi mtandao alinunua redio ya Toyota ya mtumba, akafungiwa mbele ya macho yake. Muuzaji akawasha, akaweka 88.5, Clouds ikatoka safi kabisa. Akaweka 88.9, Wasafi ikatoka vilevile. Kijana akaridhika, akalipa. Jioni anatafuta EFM kwenye 93.7, redio inafika 90 halafu inarudi kuanza 76. Times FM kwenye 100.5 ndiyo haipo kabisa. Akapiga simu, akajibiwa kwamba antena yake mbovu na inabidi aongeze elfu hamsini.

Antena haina kosa lolote. Redio za FM za Japani zimetengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90. Sisi huku tunatumia 87.5 hadi 108. Kipande kinachoingiliana ni kile kidogo cha 87.5 hadi 90, na bahati ya muuzaji ni kwamba stesheni zinazosikilizwa sana Dar zimekaa humohumo. Redio ambayo haijaguswa na mtu yeyote, iliyotolewa kwenye gari bandarini, itakupigia Clouds na Wasafi bila shida. Kwa hiyo mtu akikujaribia 88.5 hajakuonyesha kitu. Na 93.7 nayo msiiamini peke yake, kwa sababu Japani walianza mwaka 2014 kurusha FM hadi 95, na redio nyingi za miaka ya baadaye zinafika hapo. Mwambieni aweke 100.5. Ikishika hapo bila kukwaruza, tuendelee kuongea.

Kuna kifaa halali cha kutatua jambo hili, kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa: kama ni cha kushusha 14, basi Times ya 100.5 utaiona kwenye skrini ikisomeka 86.5. Kinafanya kazi na mimi mwenyewe nawafungia wateja. Lakini fanyeni hesabu. Redio ina nafasi ya 14 tu, kutoka 76 hadi 90, na stesheni zetu zimetawanyika kwenye nafasi ya 20 na nusu. Hazitoshi zote. Ukileta za juu, za chini zinapotea au zinapandana na nyingine. Fundi mkweli atakuuliza unasikiliza stesheni zipi, ndipo akuchagulie kiboksi. Anayesema "zote zitashika" kwa redio ya Japani anakudanganya, hata kama kiboksi anacho mkononi.

TV kwenye redio hizo ndiyo msiilipie hata shilingi. Japani wanarusha televisheni ya dijitali kwa mfumo wa ISDB-T. Sisi, tangu mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012, tuko kwenye DVB. Hakuna kufungua, hakuna namba ya siri ya kuingiza. Kipokezi kilichomo ndani ni cha mfumo mwingine.

Nilipoitoa ile redio ya kijana niligeuza nyuma, nikaona jambo lililonikasirisha kweli. Soketi nyeupe za Toyota zilikuwa bado zimechomekwa kwenye redio, na nyuma yake waya za rangi zote zimekatwa, zinaning'inia urefu wa kidole. Redio haikuchomolewa kwenye gari ilikotoka, ilikatwa. Yaani kuna gari la mtu mahali fulani limebaki halina soketi zake.

Na gari la namna hiyo nilishaletewa. Dada mmoja, mwenye IST, aliagiza redio ya Android kwa laki tatu na themanini: inchi 9, Android 13, RAM 8GB, memori 256GB, wati 60 mara nne, kamera ya nyuma. Vijana wakaja ofisini kwake, akawaachia funguo, akarudi juu kuendelea na kazi. Aliposhuka skrini inang'aa, muziki unatoka kwenye simu kwa Bluetooth, akalipa. Redio yake ya awali walishaiweka kwenye begi. Baada ya muda gari likaanza kugoma kuwaka asubuhi. Muuzaji akamwambia betri imechoka, akanunua mpya, nayo ikalala. Ndipo akaja kwangu.

Nilipofungua dashibodi sikukuta soketi hata moja. Waya za gari zimekatwa kwa kisu, zikasokotwa kwa mkono na za redio, zikazungushiwa tepu nyeusi ambayo kwa joto la dashibodi ilishaanza kuachia gundi. Waya wa njano wa redio ndio unaotakiwa kwenda kwenye umeme wa kudumu, ili ikumbuke saa na stesheni. Mwekundu unatakiwa kufuata funguo, ili ukizima gari na redio izime. Jamaa walizifunga zote mbili pamoja kwenye umeme wa kudumu, kwa haraka zao. Dada alifundishwa kuzima redio kwa kitufe. Skrini inakuwa nyeusi, lakini ndani inaendelea kunyonya betri usiku kucha. Vitufe vya usukani havifanyi kazi, kwa sababu waya zake hazikuunganishwa popote. Na inauma kwa sababu soketi za kuunganishia Toyota, zile zinazoingia bila kukata waya hata mmoja, zinauzwa kwa bei ndogo sana. Anayekata anafanya hivyo kwa uvivu, au anakata kwa sababu anataka aondoke na soketi zenyewe.

Tukaja kwenye redio sasa. Ukiingia kwenye mipangilio inaandika Android 13, RAM 8GB, memori 256GB, kama tangazo lilivyosema. Maandishi yale yanaweza kubadilishwa na yeyote anayejua kuichezea programu ya redio, na ndivyo yanavyobadilishwa. Chipu iliyokuwamo ni AC8227L, chipu ya bei rahisi ambayo redio zake kwa kawaida zina RAM ya GB 1 au 2 na Android ya zamani ya 8.1. Ndiyo maana ukifungua ramani huku muziki unapiga, sauti inakatika na skrini inaganda.

Kipimo ambacho hakidanganyiki ni hiki. Njoo na flashi yenye video nyingi, tuseme GB 30, zinakili ziingie kwenye memori ya redio. Ya 256GB itameza zote bila shida. Ya uongo itakwambia imejaa, au itanakili halafu video hazifunguki. Pia washa hotspot ya simu, fungua ramani, weka video YouTube, kisha mtu akupigie kwa Bluetooth. Kama redio ni ya maana itapokea simu hiyo. Programu kama CPU-Z na AIDA64 zinasaidia kuonyesha chipu, ila nimeona redio zinazozidanganya hata hizo, kwa hiyo mimi nayaamini mafaili.

Wati 60 mara nne ni wati 240. Geuza redio nyuma, angalia fyuzi. Ikiwa ni ya ampia 15, kwa umeme wa volti 12 redio nzima haiwezi kuvuta zaidi ya wati 180, na hata injini ikiwa inaunguruma na umeme umepanda hadi volti 14.4 unapata 216. Na sehemu ya huo inaishia kuwa joto. Redio ya kawaida isiyo na amplifaya ya pembeni inatoa wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika, na zinatosha kabisa ndani ya gari dogo. Msilipie namba ya kwenye boksi.

Sasa ile habari ya redio yako ya zamani. Usikubali aondoke nayo, hata ukiambiwa haina thamani. Ni mali yako, na ndiyo anayokwenda kumuuzia mwingine kama "iliyofunguliwa". Redio nyingi za Toyota zenye ramani zina kadi ya SD ndani, na betri ikichomolewa zinaidai kadi hiyo hiyo. Ikikosekana skrini inabaki na maandishi ya Kijapani na haifanyi kitu. Kuna wanaoichomoa kadi kimyakimya wakati wa kubadilisha betri au kusafisha dashibodi, halafu wiki inayofuata wanakuja kukuuzia huduma ya kufungua. Itoe kadi kabla hujaacha gari kwa fundi, uiweke pochi, uirudishe ukichukua gari. Na kama redio imeshajifunga, wapo mafundi wanaoweza kupata namba ya kuifungua. Mlipe fundi redio ikishawaka mbele yako. Anayetaka umtumie picha ya stika ya redio na hela kwanza, achana naye.

Wengi wananiuliza wafanye nini basi kama hawataki kubaki na redio ya Kijapani. Kwa mtu anayesikiliza stesheni na nyimbo za kwenye simu, ushauri wangu ni redio mpya ya kawaida, isiyo na skrini kubwa, yenye FM ya 87.5 hadi 108, Bluetooth na USB, kutoka duka lenye anwani na waranti ya maandishi. Itadumu kuliko Android ya bei rahisi, na sauti ni bora. Asiye na bajeti hiyo achukue modulator ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, ile inayorusha nyimbo za simu kwa FM hadi kwenye redio, lakini kwa redio ya Japani lazima aiweke kati ya 87.5 na 90, na atafute mahali patupu, maana Dar hapo pamebanana na stesheni kubwa zitamfunika. Android nzuri zipo pia, ila bei yake si ile unayoiona kwenye matangazo haya.

Ukiamua kununua, usimwachie mtu funguo ukaenda zako. Simama hapo. Akianza kushika kisu badala ya soketi, msimamishe. Redio ikishaingia, zima gari, chomoa funguo, uhakikishe nayo imezima yenyewe. Washa tena uone kama imekumbuka stesheni. Weka 100.5. Bonyeza vitufe vya usukani. Ndipo ulipe, kwa lipa namba yenye jina la duka, na udai risiti ya EFD.

Waliokwisha kulizwa: kama umetuma hela sasa hivi, pigia mtandao wako wa simu mara moja waizuie kabla haijatolewa. Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040, ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nendeni polisi mchukue RB, yaani namba ya taarifa yenu, mkiwa na picha za tangazo, mazungumzo ya WhatsApp na muamala. Zihifadhini leo hii, kwa sababu tangazo analifuta na mazungumzo anayafuta pia. Redio yenye nembo ya kughushi ipelekeni Tume ya Ushindani. Kile kikaratasi cha "mali ikishauzwa hairudishwi" kisiwatishe, sheria ya mauzo ya bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa wakati wa kuuza. Na kama gari lako limekatwa soketi, usikubali mtu mwingine asokote waya juu ya zile zilizosokotwa. Lirudishe kwenye soketi kwanza, ndipo ufikirie redio.