Hina ya nyanya yangu imewakosea nini?

Mwenye mzee wa kupeleka kwenye lile ghala la chakula cha msaada huku kwetu Kisauni, asome hapa kwanza. Jina silitaji, wanaopanga foleni pale wanalijua.

Ilikuwa baada ya Idi, zile siku ambazo futari na sadaka zimeshakwisha na kila mtu amebaki na njaa yake. Nikampeleka nyanya. Umri wake umepita 70, yumo kwenye Inua Jamii, zile pesa za serikali za wazee, lakini hizo shilingi 2,000 za mwezi zikichelewa ndiyo basi, na hata zikija zinaishia kwa dawa za presha na deni la dukani. Barua ya mzee wa mtaa tulikuwa nayo, kitambulisho tulikuwa nacho.

Foleni si mbaya, wazee wamewekewa viti kivulini. Tukafika mezani. Kijana, kalamu sikioni, daftari mbele yake. Shikamoo ilimshinda. Nyanya mwenyewe ndiye aliyeanza, "Hujambo mwanangu," kimya. Akamsukumia daftari atie sahihi. Nyanya akatoa mkono ndani ya buibui ashike kalamu, na yule bwana akaiona hina, imekolea mpaka kwenye kucha. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Huyu naye ana shida gani? Mwenye njaa anapata wapi wakati wa kujipamba?"

Foleni nzima ilisikia. Nyanya akaurudisha mkono ndani ya buibui, sahihi nikaitia mimi.

Sasa we kijana, hina unaijua lakini? Ni majani yale. Yanachumwa uani kwa jirani, yanatwangwa, yanachanganywa na ndimu, mjukuu anampaka nyanyake usiku wa kuamkia sikukuu. Shilingi haikutoka. Na hata kama angeinunua! Umaskini una sare siku hizi? Aliyekosa unga asikoge pia, asichane nywele, ndipo mumwamini? Mwanamke kalea watoto na wajukuu Mombasa hii, leo aje apimwe njaa kwa kucha.

Siku ile ningeandika msiende, basi. Lakini haki ya mtu mpe: chakula chao ni chakula. Si yale maharagwe ya miaka na mikaka unayoyachemsha toka adhuhuri mpaka magharibi, makaa yanakwisha na maharagwe bado yanagonga meno. Walitupa pojo safi, haina mawe, ikaiva upesi, na nyanya mwenye meno ya kuhesabu akaila na wali bila taabu. Unga niliugeuza nikatazama tarehe, haujapitwa. Kulikuwa na mafuta pia, na kipande cha sabuni ya kufulia.

Halafu kuna mama mmoja anayesimama kwenye mizani, Mungu amzidishie. Sijui nani alimpasha habari. Alitoka akabeba kikapu mwenyewe mpaka kwenye tuktuk, akaushika mkono ule ule wa nyanya akaugeuzageuza: "Bi mkubwa, hina imeshika hii! Mliitia nini?" Nyanya akaanza kumweleza habari za ndimu, dereva wa tuktuk akapiga honi, hawana habari naye.

Basi nikalainika. Njiani nilishaamua nyota nne.

Jioni nikamkuta nyanya uani anasugua kucha kwa jiwe la miguu. Ati mwezi ujao wasije wakamnyima. Hina ya kucha haitoki kwa jiwe, inatoka kucha ikikua ikakatwa, na yeye analijua hilo kuliko mimi. Hapo nikapanda upya. Nyota nne za nini?

Nilimpigia msimamizi wao, akaniambia "tutaliangalia", jibu la kila ofisi. Yule kijana sisemi afukuzwe, kazi ni ngumu kupata. Apelekwe nyuma akapange magunia, asikae karibu na daftari wala mtu mzima.

Andikeni nyota mnazotaka, mimi zimenishinda. Chakula tano, yule mama kumi, meza ile sufuri. Na mwezi ujao tutakwenda, maana unga hautungoji tupoe. Mkienda, chukueni kikapu chenu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na pale hata kiroba hawakupi. Na mkiona kalamu sikioni, ombeni meza nyingine.