Sinda kwa boti, Kigamboni kwa magurudumu manne: tathmini ya ziara ya siku moja

Ziara tuliyoinunua inauzwa kwa jina la faragha: boti ni yenu peke yenu, kiongozi ni wenu peke yenu, na ndani ya siku moja mnapata kuzamia kwa miwani na mrija kandokando ya kisiwa cha Sinda, kuogelea, chakula cha mchana ufukweni, kisha mwendo wa saa moja na nusu wa pikipiki za magurudumu manne katika njia za mchanga za Kigamboni. Tulikuwa sita: mimi na mke wangu, binti yetu wa miaka 13, mdogo wangu na mkewe, pamoja na shemeji yangu aliyetoka Mwanza, mtu aliyekulia kando ya ziwa lakini hajui kuogelea hata kidogo. Bei ilikuwa shilingi 185,000 kwa mtu mzima na 120,000 kwa mtoto, nusu ikilipwa kwa simu siku tatu kabla. Si fedha ndogo kwa mkazi wa Tabata, na kwa sababu hiyo niliifuatilia siku hiyo kwa jicho la mtu anayehesabu.

Neno faragha lina mipaka yake, na ni vizuri mnunuzi aijue mapema. Tangazo linaonyesha kisiwa kitupu na maneno yanayokufanya udhani kimekodiwa kwa ajili yako. Sinda, yaani Sinda ya ndani na Sinda ya nje, ni sehemu ya maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam; visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa tangu mwaka 1975, na Sinda vikaongezwa mwaka 2007. Hakuna kampuni inayoweza kukufungia ufukwe wa hifadhi. Tulipofika tulikuta boti nyingine mbili, na baadaye wavuvi wanne waliokuja kupumzika kivulini, jambo ambalo halikutuudhi hata kidogo, kwani mmoja wao ndiye aliyetuonyesha mahali pa kupita bila kukanyaga miiba. Kilicho cha faragha ni boti na muda, na muda wenyewe, kama nitakavyoeleza, haukuwa wetu kiasi tulichoaminishwa.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza kabla hatujapanda. Tangazo lilisema bei inajumuisha kila kitu, lakini pale Mjimwema tulielezwa kwamba kiingilio cha hifadhi hakimo. Kiingilio hicho ni halali, hulipwa serikalini kwa kontroo namba na viwango vyake hutofautiana kati ya raia na wageni, kwa hiyo sikubishana juu ya kukilipa; nilibishana juu ya neno «kila kitu». Kijana wa mapokezi aliomba radhi kwa adabu, akasema tangazo litarekebishwa. Nilipolitazama wiki iliyofuata lilikuwa vilevile.

Upande wa usalama sina lawama. Boti ilikuwa ya faiba, yenye mashine mbili, na jaketi okozi zilikuwa zaidi ya idadi yetu, zote zikiwa na filimbi na vifungo vizima. Nahodha, mzee mwenye ndevu za mvi, alimfunga binti yangu jaketi mwenyewe, akaingiza vidole viwili kati ya mkanda na kifua kupima kama imekaza, kisha akafanya vivyo hivyo kwa kila mmoja wetu, pamoja na mdogo wangu aliyekuwa akijitia uzoefu. Miwani ya kuzamia ilikuwa ya aina nzuri, ya ukingo laini wa silikoni, na kiongozi alitufundisha kuipima kabla ya kuingia majini: unaiweka usoni bila kuvuta mkanda nyuma, unavuta pumzi kwa pua, na ikibaki imejishika yenyewe basi inakufaa. Ya mdogo wangu haikushika kwa sababu ya masharubu. Alipakwa mafuta mazito kidogo chini ya pua, ikashika. Mapezi tu ndiyo yaliyokuwa ya kubahatisha. Mke wangu alipewa namba kubwa kuliko mguu wake na mchana kutwa alikuwa akiyakimbiza yasielee.

Sasa nije kwenye jambo lililoamua siku nzima. Tulikwenda Jumamosi ya mwishoni mwa Januari, siku moja baada ya mwezi mpevu, yaani katikati ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Mtu yeyote aliyeishi pwani hii anajua kwamba siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na kujaa alasiri, saa kumi na kuendelea. Ratiba ya kampuni haibadiliki mwaka mzima: boti saa tatu asubuhi, pikipiki saa tisa alasiri. Kwa hiyo tulipelekwa kwenye matumbawe katika saa ile ile ambayo bahari ilikuwa ikiyaacha wazi.

Boti haikuweza kufika ufukweni. Nahodha aliizima mbali, tukashuka maji yakiwa magotini, tukatembea juu ya nyasi bahari tukiburuza miguu kama tulivyoelekezwa, mikoba vichwani, hadi kwenye kipande kidogo cha mchanga chini ya majabali yaliyoliwa na mawimbi. Kuzamia kulianza saa nne na robo. Mahali tulipoanzia, matumbawe yalikuwa karibu mno na tumbo kiasi kwamba ukipiga pezi unayagusa, na kuyagusa ni madhara kwa pande zote mbili: yenyewe huvunjika, nawe huchubuka. Binti yangu alitoka na goti linalovuja damu. Kiongozi akatuhamishia ukingoni mwa mwamba ambako kulikuwa na kina, lakini huko mkondo wa maji yanayotoka ulikuwa ukivuta, na maji yenyewe yalikuwa na ukungu wa mchanga. Tulichokiona tulikiona kwa vipande vipande.

Hata hivyo vipande hivyo vilikuwa na uzuri wake, na nisingependa msomaji adhani hakuna cha kutazama huko chini. Pwani hii imepigwa na uvuvi wa baruti kwa miongo mingi, na joto la bahari la mwaka 1998 lilipausha matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, kwa hiyo utakuta maeneo ambayo ni kifusi kitupu, vijiti vya matumbawe yaliyokufa vimelaliana kama kuni. Kisha unapita hatua chache unakuta kichwa kizima cha matumbawe, kikubwa kama meza ya chakula, kimezungukwa na samaki wadogo wa mistari, na samaki aina ya pono, wakubwa wa rangi ya buluu, wanakitafuna. Ukinyamaza unawasikia. Ni mlio mkavu wa meno juu ya jiwe, na kiongozi alitueleza baadaye kwamba matumbawe hayo yaliyosagwa hutoka tumboni mwa pono yakiwa mchanga, kwa hiyo sehemu ya ufukwe tuliokuwa tumekalia ni kazi yao.

Kiongozi huyo, kijana wa miaka ishirini na kitu, ndiye aliyeiokoa asubuhi. Shemeji yangu alikuwa ameamua kubaki ufukweni kulinda viatu. Kijana akamfuata na boya la mviringo, akamwingiza majini hadi kifuani, akamwambia, «Kaka, legeza shingo, masikio yaingie majini. Boya ndilo litakalokubeba, wewe tazama chini tu.» Shemeji alishika boya kama anayeshika usukani wa lori. Mara ya kwanza alimeza maji, mara ya pili akatoka akikohoa na kusema basi inatosha, mara ya tatu shingo ikalegea na miguu ikainuka yenyewe. Kijana alimvuta polepole kwa kamba kwa muda wa dakika ishirini bila kumwachia wala kumharakisha, na tukawa tunamsikia shemeji akipiga kelele ndani ya mrija kila alipoona kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota. Alipotoka alitaka kujua kama samaki wale wanauzwa. Huduma ya namna hii haiandikwi kwenye tangazo, na kwangu ndiyo iliyostahili sehemu kubwa ya fedha tulizolipa.

Chakula nitakisifu kwa ufupi kwa sababu hakina utata. Samaki aina ya changu walichanjwa ubavuni, wakashindiliwa kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, wakabanikwa taratibu juu ya mkaa pale pale ufukweni, wakaja na wali wa nazi, kachumbari na pilipili ya kusaga. Madafu yalikuwa ya moto kwa sababu mtu alisahau kuyatia kwenye sanduku la barafu. Ndiyo hayo tu.

Ilipofika saa nane, bahari ilikuwa ikirudi kwa kasi. Asiyewahi kuyaona maji ya bamvua yakijaa asiridhike na maneno yangu. Lakini katika muda wa saa moja ile nyika ya nyasi tuliyoivuka kwa miguu ilifunikwa, rangi ikageuka kutoka kijivu hadi buluu, na maji yaliyoingia kutoka bahari kuu yalikuwa maangavu hata vidole vya miguu vikaonekana vimesimama juu ya mchanga. Tuliogelea. Mke wangu, ambaye asubuhi alikuwa amechoshwa na mapezi, aliomba miwani tena. Saa nane na dakika arobaini kiongozi akaita: tupande boti, pikipiki zinatusubiri. Niliomba nusu saa zaidi, kwa hoja kwamba ziara ni ya faragha na sisi ndio wenye siku. Akapiga simu ofisini, akajibiwa kwamba muda wa pikipiki umekwisha kupangwa. Nahodha alikuwa akivuta nanga. Alisema bila kuinua kichwa, «Leo bamvua, mzee. Ningeulizwa mimi, tungeanza na pikipiki.»

Hapo ndipo ilipo hitilafu ya huduma hii, na inaudhi kwa sababu dawa yake haigharimu chochote. Mpangaji wa ratiba anakaa ofisini na saa ya ukutani, ilhali mtu anayeyajua maji yumo ndani ya boti na haulizwi. Ratiba hiyo hiyo ingefaa sana siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu, kwa maana siku hizo maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, mikondo huwa dhaifu, na upepo wa kaskazi wa alasiri unakuwa bado haujaamka. Siku za bamvua inafaa igeuzwe: pikipiki asubuhi, bahari kuanzia saa saba, hata kama boti itarukaruka kidogo wakati wa kurudi.

Kuna na sababu nyingine ya kugeuza, ambayo niliijua kwa ngozi yangu. Tulifika kwenye pikipiki tukiwa na chumvi mwilini, nywele zimekakamaa, nguo za ndani hazijakauka, na bafu la maji baridi lililoahidiwa lilikuwa ndoo moja na kopo. Vumbi la Kigamboni juu ya chumvi ya bahari hukushika kama unga juu ya andazi. Tungeanza na pikipiki, bahari yenyewe ingetuosha.

Pikipiki zenyewe zilikuwa nzima, matairi mapya, breki zenye kushika. Maelekezo yalichukua robo saa na yalikuwa ya maana, hasa kwa sisi tuliozoea bodaboda. Moto, yaani mwendo, huongezwa kwa kusukuma kijiti kwa kidole gumba, si kwa kuzungusha mkono. Na kwenye kona mtu asithubutu kuteremsha mguu chini kama afanyavyo kwenye pikipiki ya kawaida, kwa sababu gurudumu la nyuma litaupanda mguu huo. Mdogo wangu, dereva wa pikipiki tangu yuko sekondari, aliuteremsha kwenye kona ya kwanza. Kiongozi alisimamisha msafara, akarudia somo kwa sauti ya juu bila kumtaja mtu, nasi wote tukatazama angani. Binti yangu hakuruhusiwa kuendesha kwa sababu ya umri, akapanda nyuma yangu, uamuzi ninaouunga mkono ingawa yeye ana maoni yake.

Njia ilipita kati ya mikorosho na minazi kuelekea Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo ni «jaribu uone», kisha ikazunguka mashamba ya mihogo hadi mahali bahari inapoonekana tena. Mchanga mlaini unahitaji mtu asiachie moto katikati, akiachia anazama. Ukishalielewa hilo, raha huanza. Kinachosikitisha ni kwamba njia zinakwisha. Mara tatu tulikuta ukuta mpya wa matofali umekatiza mapito, na kiongozi akalazimika kutuzungusha kupitia mitaa ya watu, ambako alituamuru twende mwendo wa kutembea kwa sababu ya watoto na kuku. Alifanya sawa. Lakini saa moja na nusu iliyotangazwa ilibaki dakika hamsini za mwendo halisi.

Nilimpigia mwenye kampuni wiki iliyofuata, nikamweleza habari ya bamvua na ya kiingilio. Alisikiliza, akasema wateja wengi hawaulizi habari za maji. Nikamwambia mimi nauliza. Nimelipa malipo ya awali ya watu wanne, akiwamo shemeji ambaye amesogeza mbele safari yake ya kurudi Mwanza, kwa ajili ya Jumamosi ambayo mwezi utakuwa nusu. Kwenye risiti wameandika, kwa ombi langu, kwamba kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei na kwamba muda wa kutoka kisiwani utaamuliwa na nahodha.