Nimeipa OR-Tools kazi ya kupanga ratiba ya kiwanda, Jinja

Karibuni watazamaji. Niko Jinja, na huo mngurumo mnaousikia ni wa mashine mbili za plastiki: moja ya mabeseni, nyingine ya majerikeni. Leo tunachambua OR-Tools ya Google, programu huria inayosaidia kupanga ratiba. Ni bure, na unaitumia kwa lugha za kuandikia programu: Python, Java, C# au C++.

Hebu tazameni hili bonge lenye michirizi ya kijivu. Limetupwa leo asubuhi. Mashine ilikuwa ikitoa mabeseni meusi, wakaingiza rangi nyeupe. Mpaka weusi uishe ndani, dakika 40 zimekwenda na malighafi imepotea. Wangeanza na nyeupe, ikafuata njano, nyeusi mwisho, wasingesafisha kwa muda mrefu hivyo.

Mtasema hilo kila opereta analijua. Kweli, lakini oda 10 kwenye mashine moja zina mipangilio 3,628,800. Ukikagua mmoja kila dakika, usiku na mchana, utamaliza baada ya karibu miaka 7, na mteja wa Iganga anataka mzigo wake saa nne.

Ndani ya OR-Tools mna injini iitwayo CP-SAT. Huielekezi namna ya kutafuta jibu, unaitajia masharti tu: mashine haibebi kazi mbili kwa pamoja, nyeupe ikifuata nyeusi ongeza dakika 40, oda ya Iganga itoke kabla ya saa nne. Kutafuta ni kazi yake. Ukiiwekea ukomo wa sekunde 60, inakupa ratiba bora iliyopata na kukuonyesha nafasi ya kuiboresha iliyobaki.

Hapo ndipo ilipoushika moyo wangu. Kiwanda kimoja nilichowahi kukifanyia kazi kilitengenezewa programu ambayo idadi ya mashine ilifungwa humo humo ndani. Mashine moja ilipokufa, ratiba yote ikafa nayo, na aliyeiandika hapatikani. Wakarudi kwenye ubao na chaki. Hapa kalibu, yaani umbo la kufinyangia plastiki, ikipasuka, naiondoa mashine kwenye jedwali la mashine ninaloipa OR-Tools, naendesha upya. Umeme ukikatwa kwa taarifa, saa zile naziingiza kama kazi isiyosogezwa. Injini siigusi.

Kasoro zipo. Inakubali namba kamili tu, kwa hiyo andika dakika 90, si saa moja na nusu. Masharti yakigongana, inakujibu tu kwamba haiwezekani. Mimi huondoa sharti moja moja mpaka nimpate mchawi. Tena haina skrini ya kumwonyesha opereta, lazima mtu aiunde. Kama huna anayejua Python, usiinunulie hata kompyuta.

Na kabla hujaipakua, kesha na zamu ya usiku, upime kwa saa kila badiliko la rangi. Zile dakika 40, ofisini niliambiwa ni 15.