TAHADHARI: Kuna tapeli anauza kingamwili feki, msimtumie hela

Ndugu zangu wa maabara, nimelizwa na muuza kingamwili, zile protini tunazonasia protini moja moja kwenye vipimo. Laki saba na themanini zimekwenda, na sampuli zimekwenda nazo. Siku nne nimeshindwa kuandika kwa aibu, lakini jana nimesikia mdogo wetu wa mwaka wa kwanza kapigiwa simu na mtu huyohuyo. Nikinyamaza nitakuwa nimemsaidia.

Nilibakiwa na hitaji moja ili nifunge sura ya tatu ya tasnifu: kingamwili inayoshika ERK iliyokwisha kubandikwa fosfeti (ERK ni protini ya ndani ya seli, na fosfeti ndiyo inayoiwasha). Kwa njia halali ni zaidi ya milioni moja pamoja na usafiri, halafu usubiri wiki nane. Huyu kaka alikuwa nayo mkononi, hapahapa Dar.

Kabla hamjanisema, nisikilizeni. Aliletwa kwenye grupu letu na mtu tunayemheshimu wote. Halafu kazi anaijua. Swali lake la kwanza lilihusu utando, ule unaopokea protini kutoka kwenye jeli na ambao huzibwa ili kingamwili isinate ovyo: "Dokta, utando unauziba kwa maziwa au kwa BSA?" Nikajibu BSA, ile albumini ya ng'ombe. Akasema, "Afadhali, maana maziwa yana kasini, na kasini yenyewe imejaa fosfeti, itakuchafulia picha." Jamani, tapeli gani anaijua kasini? Akataja mpaka mahali penyewe fosfeti inapokaa, threonini ya 202 na tairosini ya 204. Akanirushia picha ya bloti, yaani utando uliokwisha kupimwa, mistari miwili imekaa vizuri kabisa. Na kule kuniita dokta wakati tasnifu sijaitetea, nakiri, kulinilainisha.

Tulikutana stendi ya Mbezi, Ijumaa saa saba mchana, jua linawaka. Alikuja na boksi jeupe la foma limezungushiwa selotepu. Akalifungua taratibu, akachomoa kichupa kutoka kwenye barafu, akakigonga ukingoni mwa boksi, ko, ko. "Unaona, dada yangu? Jiwe. Hakijayeyuka hata kidogo." Nikaona huyu ni mtu makini. Nikamtumia hela kwa M-Pesa nimesimama palepale, mkono mmoja simu, mwingine nimekumbatia boksi. Risiti ya EFD, ile ya kodi, akasema mashine imegoma, ataituma kesho. Nikasema haina shida. Maneno hayo ndiyo yananiuma mpaka leo.

Mnajua kazi hii inavyochosha. Seli za HeLa, za binadamu zinazokuzwa maabara, nilizilaza na njaa usiku kucha bila seramu ili zitulie, asubuhi nikazipa EGF, kichocheo cha ukuaji, na kuzisimamisha dakika ya 0, ya 5, ya 15 na ya 30. Fosfeti haikusubiri: ukichelewa kidogo vimeng'enya vya seli yenyewe vinaibandua, ndiyo maana kila kitu kiko juu ya barafu na vanadeti, inayozuia vimeng'enya hivyo, imo kwenye bafa. Jeli, kuhamisha protini kwenye utando, kuosha, kulaza na kingamwili usiku kucha, kuosha tena. Saa tatu usiku nikaweka utando kwenye mashine ya picha.

Mweupe. Hakuna hata kivuli.

Nikajilaumu mwenyewe. Labda utando sikuulowesha vizuri kwenye methanoli, labda vanadeti imezeeka. Nikarudia. Mweupe. Nikarudia mara ya tatu, sasa nimemaliza sampuli za wiki mbili, na msimamizi wangu ananiuliza mbele ya watu kama kweli najua kupima protini. Aktini, protini ya kawaida ya seli tunayoipima kwa kulinganisha, ilikuwa inatoka safi kila mara! Protini zilikuwepo.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa maabara ya jirani, kanipa mikrolita mbili za kingamwili yake. Nikatengeneza sampuli mpya, nikaukata utando vipande viwili. Kipande chake: mistari miwili, kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 44 na 42, imekolea dakika ya 5 na kufifia kufikia ya 30. Kipande changu: mweupe uleule. Basi nikapitisha maji ya kichupa changu yenyewe kwenye jeli na kuipaka rangi ya Kumasi, inayoonyesha protini zote. Kingamwili hukatika vipande vya kilodaltoni 50 na 25. Mimi nilipata mstari mmoja mnene kwenye 66, basi. Albumini. Kaniuzia albumini na maji!

Nilipompigia alikata. Nilipomwandikia kanizuia.

Huyu mtu akamatwe. Sitaki kusikia habari ya kusamehe. TRA wamfuate kwa ajili ya risiti, polisi wamfuate kwa utapeli, na arudishe hela ya kila mwanafunzi aliyemlia. Kuna watu wameacha shahada zao kwa sababu majaribio hayakutoka, na hatujui wangapi kati yao walikuwa na kichupa kama changu kwenye friza.

Mkikutana naye: karatasi ya maelezo ya kingamwili ile inasema imehifadhiwa kwenye gliseroli asilimia 50, na gliseroli kiasi hicho haigandi kwenye -20. Changu kilikuwa jiwe stendi na kikabaki jiwe kwenye friza yetu. Lebo nilipoipitishia pamba yenye spiriti, wino ukatoka. Namba ya toleo niliiuliza kwa watengenezaji wenyewe, wakasema hawajawahi kuitoa. Na bei, jamani, ile bei.

Jumatatu naenda polisi na kichupa, picha za bloti na muamala wa M-Pesa. Aliyenunua kwake, hata kama ni kingamwili ya protini nyingine kama tubulini, anitafute inbox kabla ya Jumapili twende pamoja. Namba zake mbili za simu nitampa yeyote atakayeniuliza.